Toastmasters Upper Hill: jioni ya kusema, si ya kunakili

Nafanya kazi kaunta ya chama cha akiba na mikopo, na sehemu kubwa ya siku ni kumweleza mtu kwa nini mkopo wake umekataliwa. Kozi ya mawasiliano nilishawahi kulipia huko katikati ya mji wa Nairobi. Mwalimu alisoma slaidi, tukanakili, tukapewa cheti. Kusema hatukusema.

Toastmasters, jumuiya ya klabu za kujizoeza kuzungumza mbele ya watu, iliyoanzishwa California mwaka 1924 na Ralph Smedley, haina mhadhara. Unasimama. Hotuba ya kawaida ni dakika 5 hadi 7: ishara ya kijani ikitoka ni dakika ya 5, njano ya 6, nyekundu ya 7, basi malizia. Pembeni kuna mtu na kalamu yake anahesabu kila "aaa" na kila "yaani" (mimi na "yaani" ni chanda na pete). Kisha mwanachama mwenzako anakutathmini kwa dakika 2 au 3, tena mbele ya wote.

Kinachonifaa zaidi ni maswali ya papo kwa papo. Unatupiwa mada, huna karatasi, una dakika 1 hadi 2. Mteja mwenye hasira naye hakupi notisi.

Ila klabu niliyoenda ilikuwa Kiingereza mwanzo mwisho, na wateja wangu wa soko la Gikomba hawagombani kwa Kiingereza.

Nyota nne. Nenda kama mgeni kwanza, uone. Na ukitokea Eastlands, anza safari mapema. Foleni ya jioni haina huruma.