Nilimlipa mtu anisimamie madai ya bima, akaniambia nikae pembeni

Nyumba yako ikiungua na kampuni ya bima ikakuletea hesabu isiyoeleweka, watu watakwambia tafuta mtaalamu wako wa madai, mtu wa kusimama upande wako. Mimi nilimtafuta. Fedha ziliongezeka, hilo nalisema mapema ili nisionekane mwongo. Lakini dharau niliyofanyiwa kwenye uwanja wa nyumba yangu, mbele ya wapangaji wangu, na mtu niliyemwajiri mimi, haijanitoka mpaka leo.

Nyumba iko Tabata, fremu mbili mbele, sisi tunaishi nyuma. Masika ya mwaka juzi umeme ulikatika jioni, uliporudi moto ukaanzia darini upande wa fremu. Tulipiga 114, Zimamoto wakaja, nyuma hakukuguswa. Mbele kenchi zote zilikwenda, bati zikajikunja, jipsamu ikamwagika chini, na maji ya kuzimia yakamalizia kilichobaki kwa fundi cherehani na kwa dada wa vipodozi. Bima ya moto nilikuwa nayo kwa sababu ya mkopo. Benki haikupi mkopo wa nyumba bila hiyo bima, na jina lao liko kwenye hati ya bima pamoja na langu. Karatasi zote nilipeleka: ripoti ya Zimamoto, ya polisi, picha, profoma za mafundi.

Kampuni ikamtuma mkadiria hasara, yule wanayemwita ajasta. Hawa wanasajiliwa na TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na wanatakiwa wawe watu wa haki, ila aliyemteua ni kampuni na anayemlipa ni kampuni. Akapima, akaondoka, barua ikaja. Hasara imekubaliwa kuwa milioni 40, ila nitalipwa milioni 24. Nikasoma tena na tena. Wanasema nyumba nimeikatia bima ya milioni 90 wakati thamani yake ni milioni 150, kwa hiyo nimebeba bima ya asilimia 60 tu, na wao wanalipa asilimia 60 ya hasara. Wanaita avereji. Kipengele hicho kipo kweli kwenye hati nyingi za bima ya moto, na wengi hatukijui mpaka siku ya msiba. Chini ya barua kulikuwa na dischaji vocha ya kusaini kwamba hayo ni malipo kamili na ya mwisho. Sikusaini.

Binamu yangu yuko Houston, ndiye aliyenitia wazo. Kwao kuna watu wenye leseni ambao kazi yao ni kumdai bima kwa niaba ya mwenye nyumba, na sheria ya Texas inawazuia wasitoze zaidi ya asilimia 10 ya malipo. Hapa kwetu kazi hiyo haijazoeleka hivyo, wengi wa wakadiria hasara wanaitwa na makampuni. Lakini ukiulizia mjini unawapata wanaochukua kazi ya mdai. Nikapelekwa kwa mmoja, ofisi yake Posta.

Siku ya kwanza nilitoka pale nikiwa na furaha, nasema kweli. Kijana, umri wa mwanangu wa kwanza, suti safi, na anajua kazi. Alichukua hati yangu ya bima akaisoma ukurasa kwa ukurasa, mambo ambayo wakala aliyeniuzia hakuwahi kuyagusa. Akaniambia gharama za kuondoa kifusi zimo kwenye hati yangu na mkadiria ameziruka. Akasema ataomba ukaguzi wa pamoja. Asilimia 10 ya kitakacholipwa, tukaandikiana.

Sasa hiyo milioni 150 ilinisumbua. Nyumba yangu naijua, nimeijenga tofali kwa tofali, haijengeki kwa milioni 150 hata leo na bei hizi za saruji. Nikakumbuka kwamba benki waliwahi kuleta mthamini wakati wa mkopo. Nikaenda kumsumbua afisa mikopo wa tawi mpaka akanitolea nakala. Na kweli, ukurasa wa karibu na mwisho: jengo milioni 100, kiwanja milioni 50, jumla milioni 150. Wamechukua jumla! Kiwanja kimeungua wapi? Bima ya moto inahusu gharama ya kulisimamisha jengo upya, ardhi haimo. Wakipiga hesabu yao hiyohiyo kwa jengo peke yake, nina bima ya 90 kwa 100, yaani asilimia 90, na milioni 24 inakuwa milioni 36. Sikusomea bima, lakini hesabu ya kugawanya naijua.

Nikaiweka ile ripoti kwenye bahasha ya kaki, nikasubiri siku ya ukaguzi nimkabidhi mwenyewe.

Siku yenyewe alichelewa. Ajasta wa kampuni alikuwa ameshafika, nimempa kiti, nimempa maji, maana adui au siyo adui ni mgeni. Huyu wangu akashuka kwenye gari, akapita mbele yangu moja kwa moja hadi kwa yule mwenzake, wakashikana mikono wakicheka, kumbe wanafahamiana. Shikamoo hakunipa. Niko palepale, mlangoni kwangu, na kanga yangu begani, hata kuniangalia hakuniangalia. Wakaanza Kiingereza chao cha ofisini, wanaonyesha kenchi, wanaandika.

Nikasogea taratibu. Nikamwambia, "Samahani baba, kuna karatasi ya benki nilitaka uione kabla hamjaendelea, ni ya ile thamani." Akapokea bahasha bila kuifungua, akaiweka juu ya boneti ya gari na kuibana kwa chupa yake ya maji, baridi, inatoka jasho. Kisha akanigeukia, na sauti ile hakuishusha: "Mama, hebu kaa pembeni kidogo. Haya mambo ni ya kitaalamu. Utaitwa kusaini."

Utaitwa kusaini!

Fundi cherehani alikuwa amesimama pale na mashine yake iliyoungua, kijana anayeniita mama mwenye nyumba. Akainamisha macho. Dada wa vipodozi akajifanya anatafuta kitu kwenye simu. Ajasta wa kampuni, yule ambaye ndiye niliyepaswa kumwogopa, ndiye aliyeona haya, akasema "Mama samahani, tutamaliza sasa hivi." Nimefiwa na mume, nimesomesha watoto kwa fremu hizo, mikutano ya serikali ya mtaa naongea na watu wananisikiliza. Sikumbuki mara ya mwisho mtu kuniambia nikae pembeni nyumbani kwangu.

Nilikaa pembeni. Kazi ilikuwa inaendelea na sikutaka kuiharibu.

Wiki kadhaa zikapita, nikaletewa nakala ya barua aliyowaandikia kampuni. Barua nzuri, siwezi kuikosoa. Aya ya pili inasema, "Baada ya uchunguzi wetu wa kina tumebaini kwamba thamani iliyotumika imejumuisha ardhi." Uchunguzi wetu wa kina. Nikafungua kiambatisho: ni ripoti yangu ya benki, na kwenye jalada kuna duara la maji lililokauka, kitako cha chupa. Nimeihifadhi, sitaitupa.

Nikampigia. Nikamuuliza kwa upole tu, "Baba, hiyo karatasi ya kiwanja ulipewa na nani?" Akajibu, "Mama, si cha muhimu hela imeongezeka?"

Na iliongezeka. Hapa ndipo moyo wangu unapogawanyika. Kampuni ilikubali kiwanja kitoke, ikakubali na kifusi, ikafika milioni 36 na ushee, ikakatwa ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo mwenye mali hujibebea mwenyewe, benki wakaridhia fedha ziende kwenye ujenzi. Mimi kabla yake niliwapigia simu mpaka nikachoka, kila siku naambiwa faili liko kwa mkubwa. Barua yake ilijibiwa upesi. Kwa hiyo nikisema hana faida nitakuwa namsingizia. Bila jina lake na mhuri wake huenda ripoti yangu ingekaa mezani kwao mpaka wino ufifie. Kuna wakati nilikuwa nimeshaamua niandike tu kwamba kazi yake nzuri, mdomo wake mbaya, basi.

Lakini nikiwaza ile milioni tatu na laki sita niliyomhamishia, damu inachemka upya. Sikatai asilimia 10, tulikubaliana. Ninachokataa ni kunyamazishwa nikiwa nimeshika jibu mkononi, halafu jibu hilohilo niuziwe. Kifusi ndicho alichokiona yeye, na kifusi ndicho ule ushee. Milioni 12 zilizoongezeka zimetoka kwenye bahasha aliyoibana kwa chupa. Kazi ya mtu wa upande wa mdai inaanza kwa kumsikiliza mdai, kwa sababu yeye ndiye aliyeijenga ile nyumba, ndiye anayejua karatasi ziko wapi. Asiyeweza hilo hata angejua vipengele vyote vya hati, mimi namhesabu nusu mtaalamu. Nusu, na hapo nimempendelea.

Anayetaka kujaribu, aangalie kwanza kama mtu huyo yuko kwenye orodha ya TIRA. Akumbuke pia kwamba Sheria ya Bima ya 2009 imetupa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, TIO, na mlango wake uko wazi kwa mdai anayekwenda mwenyewe na makabrasha yake. Mimi ningeanzia huko kama ningekuwa na nguvu za kusubiri. Sikuwa nazo, wapangaji walikuwa wanalala na bidhaa zao barazani.

Juzi jirani yangu wa mtaa wa pili, ambaye mafuriko yalimwingilia dukani, kaja kuniomba namba ya yule kijana. Nilikaa kimya nikifikiria. Nikampa. Nikamwambia karatasi zako zote toa nakala mbili, moja kaa nayo, na siku ya ukaguzi uniite na mimi, tutasimama wote katikati.