Sensodyne, Colgate Sensitive na tyubu ya mtoto: ipi inunuliwe kwa tatizo gani

Ganzi ya meno inajulikana kwa dalili zake. Maji ya baridi au embe bichi likigusa jino, maumivu yanachoma kama sindano, kisha yanakatika ndani ya sekunde chache. Kwa hali hiyo dawa za meno za ganzi, kama Sensodyne na Colgate Sensitive, zinastahili hela yako. Lakini kama jino linaendelea kuuma dakika kadhaa baada ya kumeza maji, linakuamsha usiku au linauma ukitafuna, ziache dukani. Huenda limetoboka au limepasuka, na linahitaji daktari wa meno kabla ubovu haujafika kwenye neva.

Sensodyne na Colgate Sensitive Pro-Relief zinatofautiana kwa kiambato. Ndani ya jino, chini ya enameli (ganda gumu la nje), na hata kwenye mzizi ulioachwa wazi na fizi, kuna vijitundu vyembamba mno vyenye majimaji. Baridi ikiyasogeza majimaji hayo, neva inashtuka. Sensodyne nyingi zina potasiamu naitreti 5%, inayopenya humo na kuituliza neva. Inafanya kazi polepole: piga mswaki nayo mara 2 kwa siku, wiki 2 hadi 4, ndipo uihukumu. Ukiiacha siku ya tano hujaijaribu bado, na ukiikatisha baada ya kupona, ganzi inaweza kurudi. Jina hilo linabeba aina nyingi, kwa hiyo soma nyuma ya boksi: tafuta floridi, madini yanayolinda jino lisioze, kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa milioni).

Colgate Sensitive Pro-Relief inatumia arginini 8% pamoja na kalsiamu kaboneti, na yenyewe inaziba vile vijitundu. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuipaka kwa kidole kwenye jino husika na kulisugua taratibu kwa dakika 1. Nafuu huja hapo hapo. Kwa jino moja au mawili, chagua hii. Kwa ganzi ya mdomo mzima, Sensodyne inatosha kabisa, ukiwa na subira.

Zote mbili zinaharibiwa na makosa yale yale. Kubwa ni kusukutua kwa maji mengi baada ya kupiga mswaki: dawa yote inaishia kwenye sinki. Tema povu, basi. La pili ni mswaki mgumu unaosuguliwa kwa nguvu kushoto na kulia. Huo ndio unaorudisha fizi nyuma na kula shingo ya jino, kwa hiyo asubuhi unatibu na hapo hapo unajeruhi. Nunua mswaki laini. Baada ya ukwaju, ndimu au soda, subiri nusu saa hadi saa 1, kwa sababu asidi imeilainisha enameli. Dawa za mkaa za kung'arisha meno hazimfai mtu mwenye ganzi, zinakwangua.

Sasa mtoto. Tyubu ya ganzi si ya familia nzima. Aliye chini ya miaka 12 asiitumie bila ushauri wa daktari. Na tyubu yenye picha ya katuni isikudanganye: nyingine zina floridi kidogo au hazina kabisa. Tafuta ya 1000 ppm, uanze jino la kwanza linapochomoza. Chini ya miaka 3, weka kiasi cha punje ya mchele. Miaka 3 hadi 6, kiasi cha njegere. Kipimo hiki kisizidi, hasa kwa wanaokunywa maji ya visima vyenye floridi nyingi, kama baadhi ya maeneo ya Arusha na Bonde la Ufa nchini Kenya, ambako meno ya watoto hutoka na madoa ya kahawia. Mzazi ndiye ashike mswaki mpaka mtoto afike miaka 7 hivi.

Hakuna dawa ya meno inayoshinda chupa ya maziwa au juisi iliyoachwa mdomoni usiku kucha. Na mtoto mchanga akiharisha au kupata homa, tafadhali, asipelekwe kung'olewa "meno ya plastiki". Vile vivimbe vyeupe vya kwenye fizi vinavyoitwa hivyo ni vichipukizi vya meno yake halisi.

Mara moja kwa mwezi inua mdomo wake wa juu mwangani. Mstari mweupe kama chaki karibu na fizi ni mwanzo wa kuoza, na hatua hiyo floridi bado inaweza kuurudisha nyuma. Ukishageuka kahawia na kuchimbika, mpeleke kliniki.