Maxima na grafu zake: maoni ya mwalimu wa tuisheni, Ngamiani

Nianze na bei, maana ndiyo mnayoiulizia kwanza: Maxima, programu ya kompyuta ya kufanya hesabu na kuchora grafu, ni bure. Unaipakua, unaisakinisha, na baada ya hapo hata bando likiisha inaendelea kufanya kazi. Kwa sisi tunaofundisha tuisheni za jioni huku Ngamiani, Tanga, wanafunzi wanne wa PCM (fizikia, kemia, hisabati) na EGM (uchumi, jiografia, hisabati) wakigombea kompyuta mpakato moja, hilo si jambo dogo.

Programu yenyewe ni kongwe. Asili yake ni Macsyma, iliyoanza kutengenezwa MIT kule Marekani mwaka 1968. William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas aliitunza tangu 1982, na mwaka 1998 akapata kibali cha kuiachia watu wote waitumie. Sura yake nayo haifichi umri. Chukua ile yenye madirisha na vitufe, wxMaxima, usije ukabaki unaikodolea macho skrini tupu inayosubiri amri.

Sasa tuje kwenye grafu, maana hapo ndipo watu huitupa, na mimi naona wanaionea.

Maxima haikisii. Ukiandika 2x inakataa, inataka 2*x. Ukiandika pi, kwake hiyo ni herufi tu kama a au b, na itakujibu kwa Kiingereza kikavu kwamba eneo zima halina namba ya kuchora. Inayotakiwa ni %pi, na e nayo huandikwa %e. Mwanafunzi akiita, "Mwalimu, imegoma," kabla sijavaa miwani nauliza kama ameweka alama ya asilimia. Wengi hurudi kwenye kibodi kimyakimya.

Lililo kubwa ni nyuzi na radiani, yaani kupima pembe kwa kipimo ambacho mzunguko mzima ni 2π, si 360. Sine naifundisha kwa maji ya bahari, kwa sababu mtoto wa Tanga humwelezi bamvua, yale maji makubwa, ni nini. Maji yakishajaa, hujaa tena baada ya kama saa 12 na dakika 25, yaani saa 12.42. Nakadiria mita 1.5 juu na chini ya usawa wa kati, tunaandika:

wxplot2d(1.5*sin(2*%pi*t/12.42), [t,0,24])

Yanatokea mawimbi mawili hivi, safi kabisa. Kijana mmoja, ambaye baba yake huuza samaki pale Deep Sea, akaweka 360 mahali pa 2*%pi, kwa mazoea ya kikokotoo chake cha shule. Skrini ikajaa mistari hadi grafu ikawa ukuta wa bluu. Wenzake wakasema programu imeharibika. Nikamwambia atafute wimbi moja linachukua muda gani. Akagawa 2π kwa 360/12.42, akapata saa 0.217, kama dakika 13. "Mwalimu, kwa bahari hii mzee wangu asingewahi hata kutia nanga!" Tangu siku hiyo sijalazimika kuwakumbusha kwamba Maxima inahesabu kwa radiani. Anayetaka nyuzi azidishe pembe kwa %pi/180, hakuna kitufe cha kubadilisha.

Logi nayo ina mtego wake. Kwa Maxima log(x) ni ile ya kizio e, si ya kumi. Itazame grafu pale x ilipo 10: ukisoma 2.3 badala ya 1, umeshajua. Andika log(x)/log(10), yaishe.

Tan usiichore bila kuiwekea mipaka ya wima. Ukiiacha huru, namba kubwa za karibu na asimptoti (mstari ambao grafu huukaribia bila kuufikia) huvuta mhimili wa y hadi mchoro wote unalala chini kama mstari mnyoofu. Ongeza [y,-6,6] na umbo litarudi. Itakuarifu kwamba baadhi ya thamani zimekatwa, nawe usitishike, ndivyo ulivyoiagiza. Ila mistari ya wima inayojitokeza pale kwenye asimptoti waambieni wanafunzi wasiinakili kwenye daftari: ni programu inaunganisha nukta mbili zilizo pande tofauti, si sehemu ya grafu. Na duara likitoka kama yai, mizani ya mihimili miwili haijalingana. Weka [same_xy].

Kwa kidato cha kwanza na cha pili nisingeichagua. Huko GeoGebra inafaa zaidi, inakubali 2x bila ubishi na nukta unaivuta kwa kidole. Lakini kijana wa kidato cha tano anayeizoea GeoGebra peke yake huchelewa kuona tofauti kati ya alichokusudia na alichoandika. Maxima humwonyesha palepale, tena bila kumbembeleza.

Nampa nyota nne huyu mzee. Ya tano nimemnyima kwa sababu ya ujumbe wake wa makosa: mfupi mno, na haukuonyeshi herufi ipi katika fomula yako ndiyo iliyokosa thamani. Kwenye fomula ndefu unabaki kuhesabu mabano kwa ncha ya kalamu.

Amri zote ninazotumia darasani nimeziweka kwenye faili moja. Walimu wenzangu wa Ngamiani na Chumbageni wanaoitaka waje baada ya magharibi na flashi, isiwe na virusi tu.