Vision Pro au Quest 3?
Juni 2023, siku nne kabla Apple haijaonyesha Vision Pro, kifaa chake cha kuvaa machoni chenye skrini ndani, kwenye mkutano wake wa watengeneza programu, WWDC, Meta, wenye Facebook, ilitangaza cha kwake, Quest 3. Kwenye bei za kuanzia zilipotangazwa 2023 hakuna ubishi: Vision Pro dola 3,499, Quest 499. Kwa picha, Vision Pro iko mbali sana. Skrini zake zina pikseli milioni 23, hata maandishi madogo yanasomeka. Ila betri yake inabebwa mfukoni kwa waya, ya Quest imo ndani. Wenye miwani wanaweza kuvaa Quest juu yake. Vision Pro inawadai lenzi maalumu za kampuni ya Zeiss, gharama juu ya gharama! Mpenda gemu achukue Quest. Anayeishi kwa kutengeneza programu za Apple, hiyo nyingine ni kitendea kazi.