TAHADHARI: Jamaa wa visu vya springi anatuibia mchana kweupe

Wadau wa mabucha na mama ntilie, huyu jamaa anayepita madukani na begi la turubai msimpe hata shilingi.

Alinijia wiki ya Iddi, mnajua wiki ile nilivyokuwa. Akatandaza visu juu ya gogo la nyama, akatoa tupa, akaniambia, "Bosi, sugua mwenyewe." Akanionyesha kwa kidole, pale karibu na mpini. Nikasugua. Tupa ikateleza kama iko juu ya kioo, yaani chuma ni kigumu; kikiwa laini tupa inakila. Akasema ni springi ya Fuso, kachoma kwa mkaa, kachovya kwenye oili. Hapo ungemkataaje? Marehemu baba alipima visu kwa tupa vivyo hivyo, na bucha hii ndiyo iliyotulea. Nikamrushia hela yote kwa simu, vya kwangu na vya vijana.

Siku ya Iddi foleni imefika barabarani, kiungo cha kwanza tu cha mbuzi, makali yakajikunja. Nanoa, yanakata kidogo, yanalala tena. Shehe kasimama na mfuko wake ananitazama navutana na nyama. Aibu ile bado ninayo. Nampigia jamaa, ananijibu, "Bosi hujui kunoa." Tangu hapo simu yangu haipokei.

Mzee wetu wa gereji ndiye aliyenifumbua macho. Kapitisha tupa kwenye makali, ikala chuma. Kayasaga milimita kadhaa kwenda ndani, kapitisha tena, ikateleza! Kumbe springi ni ya kweli, ila kaiua motoni. Springi ina kaboni kama asilimia 0.6 tu, na hiyo ndiyo inayokifanya chuma kikaze kikichovywa. Jamaa anayachonga makali membamba kwanza, halafu anakiacha kisu kikiiva chekundu muda mrefu kwenye upepo wa mvukuto. Hewa inaila kaboni kuanzia juu, na penye wembamba inaliwa pande zote mbili mpaka zikutane. Kwenye mpini chuma ni kinene, kaboni ya ndani inabaki, kwa hiyo anakwangua ganda la juu lililolainika, anang'arisha, ndipo anakupa tupa. Anajua anachofanya! Asingejua, kile kidole kingekuwa cha nini?

Akija kwako, sugua kwenye makali yenyewe na nchani. Akipiga kelele kwamba unamharibia kisu, mwite mwenyekiti wa mtaa hapohapo. Huyu ni wa polisi, arudishe hela za watu zote, na begi lake lishikwe asije akamuuzia mwingine. Mliomlipa kwa simu msifute ujumbe wa muamala, tukafungue kesi pamoja.