Ber-gi-dala, Kisumu: ukienda, nenda na mama mkwe

Mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilifika kwa wakwe, Seme, mvua zikiwa zimeanza. Nikaona shamba li wazi na jembe limeegemea ukuta. Mimi wa Nakuru nimelelewa kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe, nikasema mbona ningoje hiyo ya tatu? Nikapanda mistari minne ya maharagwe kabla jua halijapanda. Mama mkwe alitoka, akatazama, akarudi ndani bila neno. Miaka tisa sikujua nilichokosa. Nimekuja kukijua Agosti hii, tulipotembea Makumbusho ya Kisumu pamoja naye na wanangu wawili.

Makumbusho yenyewe yako karibu na soko la Kibuye, na yalifunguliwa 1980. Nililipa kwa simu, tukaingia. Kosa langu lilikuwa kufika saa sita mchana, na jua la Kisumu saa hiyo halina mzaha. Nendeni asubuhi. Kuna nyoka, kobe, samaki wa ziwa, na ndani ya jumba kuna simba aliyekaushwa akiwa amemrukia nyumbu. Watoto waligandia hapo mpaka nikawavuta.

Kilichonipeleka hasa ni Ber-gi-dala. Ni boma zima la Kijaluo, si la kuchezea bali la ukubwa wake halisi, limejengwa kana kwamba kuna mzee fulani mwenye wake watatu anaishi humo: nyumba ya kila mke, nyumba ya mtoto wa kiume wa kwanza, ghala, zizi. Sisi Nakuru tuna Hyrax Hill, na naipenda, lakini pale mazizi ya watu wa kale yamebaki mashimo yaliyoota nyasi, inabidi uyajaze mwenyewe kwa mawazo. Hapa unainama mlangoni na kuingia.

Kijana aliyetuongoza alianza vizuri. Akaonyesha nyumba ndogo karibu na lango, akasema, “Hii ni simba.” Mwanangu mdogo akarudi nyuma mbio akanishika sketi. Kumbe kwa Kijaluo simba ni nyumba ya kijana ambaye bado hajahamia boma lake! Dani yake, yaani nyanya yake, alicheka mpaka akaketi.

Kuanzia hapo kijana wa watu alibaki kutikisa kichwa tu, maana mwalimu alikuwa mama mkwe. Alitusimamisha langoni, akanyosha mkono. Nyumba inayotazama lango, ile ya mbali kabisa, ni ya mikayi, mke wa kwanza. Nyachira na reru, wa pili na wa tatu, kila mmoja ana upande wake, wala hakuna anayechagua. Kila mke ana ghala lake, na mtama au wimbi ulioko humo ni jasho lake na watoto wake. Nikauliza: je, mzee akihama kuanzisha boma jipya? Akasema mzee hutoka alfajiri na mtoto wa kwanza wa kiume, kuna shoka, kuna jogoo, na mke hubeba moto. Nyumba ya kwanza husimama siku hiyohiyo. Jogoo ni wa nini, mama? “Boma lisilo na jogoo litaamshwa na nani?”

Halafu, akiwa ameshika mlango wa nyumba ya mikayi, akasema bila kunitazama: “Mbegu pia zina foleni, nyar Nakuru, binti wa Nakuru. Mikayi kwanza. Halafu nyachira, halafu reru, halafu wake za vijana. Hiyo tunaita golo kodhi.”

Nikaona maharagwe yangu yote, mistari minne, yakiota mbele ya macho yangu.

“Na hukuniambia?”

“Ningekuambiaje? Ulikuwa bado mgeni. Usiku ule nilitoka na tochi nikapanda yangu, nikajiambia zilianza zangu.”

Haki, nilicheka, lakini sikujua niweke wapi uso.

Jambo moja tu halikumridhisha. Ndani ya nyumba alinusa hewa, akasema hakuna moshi. Nyumba ambayo haijapikiwa, alisema, ni ya kutazamwa. Ni kweli, na ndiyo maana nasema usiende peke yako ukasome vibao na kupiga picha. Tafuta mzee aliyewahi kulala kwenye nyumba kama hizo, hata kama ni jirani, umlipie tiketi na soda. Tulikaa karibu saa mbili kwenye boma ambalo mtu angelizunguka kwa dakika kumi na tano.

Machi nikifika Seme nitakaa kwenye kiti, mikono mapajani, mpaka nisikie jembe lake.