Semista tatu na Anki: uzoefu wangu baada ya kula supu

Mwaka wa pili nilikula supu, yaani nilifeli nikatakiwa kurudia mtihani, ya famakolojia, somo la dawa na zinavyofanya kazi mwilini. Majaribio na kazi za ndani ya semista vilinipa 23 kati ya 40, alama nilizozitangaza hosteli nzima, halafu UE, mtihani wa mwisho wa semista, ikaja na 22 kati ya 60. Jumla 45, na kwetu ufaulu unaanzia 50. Wenzangu wakaenda kwao likizo, mimi nikarudi mapema kwenye hosteli iliyobaki tupu mpaka mama wa chapati akaacha kuja.

Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nasoma. Madesa yote nilikuwa nayo, kopi za notsi kutoka steshenari ya getini, nimeyapaka njano hadi karatasi zimelegea. Nilipiga msuli mpaka saa 9 usiku miguu ikiwa ndani ya beseni la maji nisisinzie. Na kwenye majaribio njia hiyo ilinilipa, kwa sababu jaribio la wiki ya sita lilikuwa la mada za wiki ya tano na ya nne. UE haina huruma hiyo. Inakuuliza wiki ya kumi na sita kitu ulichokisoma wiki ya pili, ukakifaulu, ukakisahau.

Dada mmoja wa mwaka wa nne, aliyebaki chuoni kwa ajili ya utafiti wake, alinikuta kantini nikipitia desa la dawa za shinikizo la damu kwa mara ya nne. Akalivuta upande wake, akalifunika kwa kiganja.

"Amlodipini inamfanya nini mgonjwa miguuni?"

Nilijua jibu lipo ukurasa wa kulia, juu, ndani ya ile njano. Lilipo nilipajua kabisa. Jibu lenyewe ndilo sikuwa nalo. (Inavimbisha vifundo vya miguu. Sasa sitalisahau mpaka naingia kaburini.)

"Mdogo wangu," akasema, "wewe husomi, unaangalia."

Siku hiyohiyo akaniwekea Anki kwenye simu. Huu ni mwezi wa kumi na nane naitumia karibu kila siku, kwa hiyo nitasema ninayoyajua, mazuri na yanayokera.

Anki ni programu ya kadi. Upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Unasoma swali, unajibu kichwani au kwa sauti, unageuza kadi, halafu wewe mwenyewe unajihukumu kwa vitufe vinne: nimekosa, ilikuwa ngumu, nimepata, rahisi. Ukikosa, kadi inarudi baada ya dakika chache. Ukipata, inarudi kesho, kisha baada ya siku kadhaa, kisha wiki, kisha miezi. Kila ukipata inaondoka kwa muda mrefu zaidi, ukikosa inarudishwa karibu. Kazi yake ni hiyo tu: kukuletea kitu pale unapokaribia kukisahau. Jina lenyewe ni la Kijapani, maana yake kukariri, na aliyeianzisha mwaka 2006, Damien Elmes, alikuwa anajifunza Kijapani.

Mwaka huohuo wa 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walichapisha jaribio ambalo lingenisaidia sana kama ningelijua mapema. Wanafunzi waliosoma kifungu cha maneno mara kwa mara waliwashinda waliojipima kwa kukikumbuka, pale walipoulizwa baada ya dakika tano. Walipoulizwa baada ya wiki, mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Nikitazama 23 yangu na 22 yangu, naona nilikuwa nimelirudia jaribio lao bila kujua, mimi nikiwa panya wa maabara.

Kuhusu gharama. Kwenye simu za Android unatafuta AnkiDroid, inatengenezwa na watu wanaojitolea na hulipi hata senti. Kwenye kompyuta pia ni bure. Wenye iPhone ndio wanaolipa, dola 24.99 mara moja, na pesa hiyo ndiyo inayosaidia kuiendesha. Angalieni jina vizuri kabla ya kupakua, maana zipo nyingine zenye majina yanayokaribiana ambazo si hii. Bando haili: ukishaipakua unasoma bila intaneti, kwenye daladala, kwenye foleni ya kantini, umeme umekatika. Bando dogo linahitajika kuoanisha kadi zako na akaunti ya AnkiWeb, inayozitunza mtandaoni, nayo ni bure. Kwa mtu anayeishi kwa bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, linaloisha tarehe 12, hayo si mambo madogo.

Sura yake sasa. Haina urembo. Ukiifungua mara ya kwanza utadhani ni kitu cha mhasibu. Mipangilio imejaa maneno usiyoyaelewa, na ushauri wangu ni usiiguse kwa mwezi mzima, isipokuwa namba moja nitakayoieleza chini. Toleo la mwaka 2023 lilikuja na njia mpya ya kupanga marudio, inaitwa FSRS, inayojifunza kutokana na historia yako ya kusahau. Niliiwasha baadaye, na marudio yangu yalipungua kidogo. Anayeanza haihitaji.

Wiki mbili za kwanza niliharibu kila kitu. Kwanza nilipakua mafungu ya kadi yaliyotengenezwa na wanafunzi wa udaktari wa Marekani, maelfu kwa maelfu, nikajiona nimepata dhahabu. Ni kadi nzuri kwa mtihani wao. Mimi nilikuwa nakariri majina ya kibiashara ya dawa ambazo sijawahi kuziona kwenye rafu ya duka la dawa hapa, na kadi ya malaria nilikutana nayo moja kwa kila mia. Nikafuta zote.

Kisha nikaangukia upande wa pili: nikahamisha madesa yangu ndani ya kadi. Kadi yangu ya kwanza ya kifua kikuu ilikuwa hivi. Mbele: "Eleza dawa za TB." Nyuma: mistari kumi na nne. Kila ilipokuja nilikumbuka mistari tisa, nikajisamehe, nikabonyeza "nimepata". Nilikuwa naangalia tena, safari hii kwenye kioo cha simu.

Nikaivunja vipande. Kadi moja: tiba ya kawaida ni miezi mingapi, na imegawanyikaje? (Sita: miwili ya dawa nne, minne ya dawa mbili.) Nyingine: zipi mbili zinazoendelea mpaka mwisho? (Rifampisini na isoniazidi.) Nyingine nikaiandika kama mgonjwa aliyesimama dirishani: "Nimeanza dawa za TB juzi, mkojo umekuwa rangi ya chungwa, naacha?" Nyuma: "Rifampisini. Ni kawaida, usiache dawa." Hii ya mwisho ndiyo iliyonibadilisha. Kutunga swali namna hiyo kunakulazimisha ujue jambo lina kazi gani kwa mtu, na mara nyingi nilipokuwa nashindwa kutunga swali niligundua sijaielewa mada yenyewe. Nikaanza kwenda kwa mhadhiri baada ya kipindi na swali moja lililonyooka. Zamani nilikuwa naenda na "mwalimu, sijaelewa ile ya leo", naye hajui aanzie wapi.

Kuna kadi moja niliikosa mara nane. Anki ina tabia: kadi ukiikosa mara nane inaipa alama ya ruba, yule mdudu anayekunyonya damu taratibu. Swali langu lilikuwa: ni dawa gani ya TB inayodhuru mishipa ya fahamu? Nilikuwa nasema ethambutoli, jibu isoniazidi. Kesho yake nasema isoniazidi kwa swali lingine, jibu ethambutoli. Nilikasirika, kisha nikaona kosa ni la swali. Zote mbili zinagusa neva, ila ethambutoli inagusa neva ya macho, isoniazidi inagusa za mikono na miguu, ndiyo maana mgonjwa hupewa vitamini B6. Nikaandika upya mbili. Ya ethambutoli nikamweka mjomba wangu dereva, anafika kwenye taa hajui kama ni nyekundu au kijani. Ya isoniazidi nikamweka bibi anayelalamika ganzi kwenye nyayo. Tangu hapo sijazichanganya.

Kuna kadi rahisi pia, na ndizo zinazolipa haraka. Dawa nyingi zina ukoo unaojulikana kwa mkia wa jina: enalaprili, lisinoprili na kaptoprili ni ndugu, na ndugu hao wana sifa ya kuleta kikohozi kikavu. Za mkia wa "olol" hazimfai mwenye pumu bila tahadhari. Kadi arobaini za mikia ziliniondolea kurasa nyingi za madesa.

Ile namba ya kubadilisha: Anki inakuja ikiwa imepangwa kukupa kadi mpya 20 kwa siku. Zinaonekana chache. Lakini kila kadi mpya ni deni litakalorudi kesho, na keshokutwa, na wiki ijayo. Kwangu, kadi 20 mpya kila siku zilifika mahali pa marudio karibu 180 kwa siku, wakati nina masomo matano na ripoti za maabara. Nikashusha hadi 8. Marudio yakatulia kati ya 60 na 90, dakika 25 hivi, nusu asubuhi kabla ya kipindi, nusu nikisubiri usafiri.

Na usiache siku. Nilikwenda kwetu Singida kwenye msiba, siku sita sikufungua simu kwa ajili ya kusoma, na sioni kama nilikosea. Niliporudi zilikuwa zinanisubiri kadi mia kadhaa. Nilikaa siku mbili naikwepa programu kama mtu anayedaiwa dukani. Kilichonitoa ni kuweka kadi mpya kwenye sifuri na kulipa 80 kwa siku mpaka deni likaisha, siku kumi na kitu. Hakuna aliyenifukuza.

Hasara ya pili niliitafuta mwenyewe. Simu ilinyakuliwa kituoni saa 1 jioni, na nilikuwa sijaoanisha na akaunti yangu wiki tatu kwa kubana bando la MB chache. Kadi za wiki tatu zikaenda na mwizi, ambaye natumaini anaendelea vizuri na somo la viuavijasumu, dawa za kuua bakteria.

Sasa niseme pale isipofaa, maana nimeona watu wakiisifu kama maji ya zamzam. Hesabu za dawa hazisomwi kwa kadi. Kuchanganya mililita ngapi za spiriti ya asilimia 90 upate ya asilimia 70, au dawa itabaki kiasi gani mwilini baada ya nusuuhai tatu (nusuuhai ni muda wa dawa kupungua nusu mwilini), hayo yanataka kalamu, karatasi na mitihani ya miaka iliyopita. Nilijaribu kuweka maswali ya hesabu kwenye Anki nikaishia kukariri majibu, namba tupu, swali likibadilishwa kidogo nimekwama. Haikusaidii pia kupanga kazi: haijui kwamba Ijumaa kuna ripoti ya maabara na Jumatatu kuna kazi ya kikundi yenye majina sita na wafanyakazi wawili. Kwa hayo nina karatasi ya manila juu ya kitanda, tarehe zimeandikwa kwa kalamu nene, na wenzangu wa chumbani wanaisoma kuliko mimi.

Matokeo? Supu niliitoa. Famakolojia iliyofuata nilipata 67, na kilichonifurahisha ni mgawanyo wake: 26 za ndani ya semista, 41 za UE. Sidai ni Anki peke yake. Nililala pia, beseni likarudi kwenye kazi yake ya kufulia.

Wiki iliyopita mdogo wetu wa mwaka wa kwanza alikuja chumbani na waya wa simu mkononi. "Kaka, nasikia una kadi elfu mbili na mia tatu, nirushie zote nianze kupiga." Nikamrushia zile arobaini za mikia ya dawa, nikamwambia nyingine atunge, akikwama aje na swali. Amenuna mpaka leo, ila jana nimemwona kantini amelifunika desa kwa kiganja.